Nyasi Ndefu za Asili: Nyumba ya Viumbe Wadogo Mashambani Mwetu

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi
Mafungu ya kusoma kwanza: Kutoka 23:10-11; Mambo ya Walawi 19:9-10; Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Anayesafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo katika mwezi wa nane au wa tisa huona vilima vyeusi upande wa kulia na wa kushoto. Moto umepita. Mvua za kwanza zikinyesha, maji hukimbia juu ya ardhi iliyo uchi, nayo mito hugeuka rangi ya udongo. Tumezoea sana jambo hili hata hatuulizi tena: wale waliokuwa wakiishi ndani ya nyasi wamekwenda wapi?

Katika somo hili twataka kujifunza juu ya nyasi ndefu za asili, faida zake kwa viumbe na kwa mkulima, na jinsi ya kuzipanda na kuzitunza. Neno tunalotaka lishikwe ni moja: mkulima anayeacha ukanda mwembamba wa nyasi ndefu pembeni mwa shamba lake hapotezi ardhi. Anatunza udongo wake, anapata chakula cha ng'ombe, na anawapa viumbe wa Mungu mahali pa kuishi.

1. PEMBE ZA SHAMBA KATIKA MAANDIKO

Mafungu matatu tuliyoyataja yanasomwa mara chache sana katika ibada zetu, lakini yanamhusu mkulima moja kwa moja. Katika Walawi, Waisraeli waliagizwa wasivune mpaka pembeni kabisa mwa shamba, ili maskini na mgeni wapate kitu. Katika Kutoka, shamba liliagizwa kupumzishwa mwaka wa saba. Maskini wale kilichoota chenyewe, na kinachobaki kiwe cha wanyama wa mwituni. Tuangalie vizuri hapo: wanyama wa mwituni wamewekewa fungu lao ndani ya sheria ya kilimo. Katika Kumbukumbu la Torati, mtu akikuta kiota cha ndege haruhusiwi kumchukua mama pamoja na makinda yake. Atakayemwacha mama ameuacha uzazi uendelee.

Basi kuacha pembe ya shamba si wazo jipya lililoletwa na wataalamu. Ni la zamani kuliko majembe yetu.

2. NYASI TUNAZOZUNGUMZIA

Methali yetu ya tembo na nyasi imetufanya tuzione nyasi kuwa kitu dhaifu cha kukanyagwa. Kumbe nyasi ndefu ni mimea yenye nguvu kuliko tunavyodhani. Ukiikata inaota tena. Ukiichoma inachipua kutoka katika shina lililo ardhini. Mizizi yake mingi hushika udongo kama kitambaa kilichofumwa. Katika nchi yetu ya Buha tutazame aina mbili.

Ya kwanza ni nyasi za kuezekea, zile zinazoota katika miombo na vilimani, ambazo wataalamu huziita Hyparrhenia. Hukua mpaka kimo cha mtu na kupita. Mwisho wa mvua hutoa masuke yenye rangi ya dhahabu iliyochanganyika na wekundu. Kila mbegu ina mkia mrefu kama unywele uliosokotwa. Walimu na wazazi wawaonyeshe watoto jambo hili: weka mbegu kavu kiganjani, uilowanishe kwa tone la maji, kisha utulie. Mkia utaanza kujizungusha wenyewe. Ndivyo mbegu ijipandavyo. Umande na mvua vikija, mkia hujisokotoa na kuisukuma mbegu ndani ya udongo bila jembe. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba somo analoligusa mtoto kwa mkono wake halimtoki, na hili ni mojawapo.

Ya pili ni mabingobingo, ambayo wengine huyaita matete au majani ya tembo. Ndugu zetu wa Burundi huyaita urubingo. Hupenda mabonde na mahali penye rutuba, na hufika mita 3 hata 4. Wengi hudhani mmea huu uliletwa na wazungu kwa sababu vitabu vya kilimo huuita Napier. Jina hilo latokana na Kanali Napier wa Bulawayo, aliyeishauri idara ya kilimo ya Rhodesia mwanzoni mwa karne ya 20 iyajaribu majani haya kuwa malisho. Lakini mmea wenyewe ni wa Afrika. Ulikuwa ukiota kwenye mito yetu kabla ya kanali yeyote kuzaliwa.

3. WAKAZI WA NYASI NDEFU

Tukisema "wanyama" wengi wetu twafikiri juu ya nyati, viboko na nzohe wa Moyowosi. Hao wana mahali pao. Pori la Akiba la Moyowosi lilitangazwa mwaka 1981, na mwaka 2000 bonde lote la Malagarasi na Muyovozi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 32,500, liliandikwa katika orodha ya ardhioevu muhimu duniani, la kwanza katika Tanzania. Hatuombi nyati arudi kwenye mihogo yetu. Tunazungumza juu ya viumbe wadogo wanaoweza kuishi jirani na mtu kama akiwaachia nafasi.

Wa kwanza ni ndege. Mnana, yule wa manjano, huchana majani marefu ya mabingobingo kuwa nyuzi na kufuma kiota chake kwa nyuzi hizo. Kweche dume huvaa wekundu na weusi wakati wa mvua, na kiota chake hukifungia katikati ya mashina ya nyasi. Fumbwe mwenye mkia mrefu huruka juu ya nyasi hizo hizo akitafuta jike. Ndege hawa hawazai wakati wowote. Hungoja nyasi zirefuke. Shamba lisilo na nyasi ndefu halina makinda yao.

Tipitipi, ambaye wazee wetu humsikiliza kama mtabiri wa mvua, hujificha na kujenga ndani ya nyasi nene. Chakula chake ni panzi, viwavi, mijusi na panya. Kwale na kanga hutaga chini, kwenye kivuli cha mashina. Ndezi hula mashina yenyewe. Pongo hupumzika humo mchana kando ya mto.

Kisha kuna wale tusiowahesabu: buibui wanaotega nyavu kati ya masuke, vyura wanaotafuta unyevu, vunjajungu, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, na vipepeo wa kahawia ambao watoto wao hula majani ya nyasi peke yake. Hawa ndio chakula cha ndege, tena ndio askari wa shamba. Hata ndege anayekula mbegu akiwa mkubwa, kama mnana na kweche, huwalisha makinda wake wadudu. Kiota kimoja kando ya mahindi ni wadudu wengi waliotolewa bila dawa ya dukani.

4. NYASI ZETU ZIMEKWENDA WAPI

Si kosa la mtu mmoja, wala si la mwaka mmoja. Zamani watu wa Buha walikaa wametawanyika, na kati ya boma na boma palikuwa na nyika. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wengi katika makazi ya pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, tukahamia vijijini. Shule, zahanati na barabara vilipatikana karibu, na hayo yalikuwa mema. Lakini ardhi ya karibu na kijiji ikaanza kulimwa kila mwaka bila kupumzika, na mahame yaliyoachwa mbali yakawa ya moto wa kila kiangazi.

Baadaye wakaja wakimbizi: kutoka Burundi mwaka 1972 na tena mwishoni mwa 1993, kutoka Kongo mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, na tena kutoka Burundi mwaka 2015. Watu hawa walikuwa wageni wetu, nasi tuliwapokea. Tukumbuke kwamba Walawi humtaja mgeni kuwa mmoja wa wenye haki katika pembe ya shamba. Lakini kila nyumba iliyojengwa, ya mgeni na ya mwenyeji, ilihitaji miti, kuni na nyasi, na vilima vya karibu vikabaki vitupu.

Na sisi wenyewe tumebadilika. Nyumba nyingi sasa zina bati. Tunashukuru, kwa maana bati halivuji wala halishiki moto upesi. Lakini kijiji kilipoezeka kwa nyasi kila mtu alikuwa na sababu ya kuuzuia moto, maana kilima kikiungua mapema, nyumba haikupata paa. Bati lilipokuja, mlinzi wa nyasi aliondoka, na hakuna aliyewekwa mahali pake.

5. WENGINE WALIFANYAJE

Tutazame mahali pawili, pamoja mbali na pamoja karibu.

Katikati ya Marekani palikuwa na nyika kubwa ya nyasi ndefu. Nyasi yake kuu, ambayo wataalamu huiita Andropogon gerardi, hufika mita 2 na zaidi. Ni ya ukoo mmoja na nyasi zetu za kuezekea, pamoja na mahindi, mtama na muwa. Mwaka 1837 John Deere wa Illinois alitengeneza plau ya chuma iliyoweza kukata mizizi ile migumu. Haikupita miaka mia nyika karibu yote ikawa mashamba. Leo imebaki chini ya sehemu 4 katika 100. Ndege wa nyika wakapungua sana. Katika miaka ya 1930 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza kupanda upya nyasi na maua ya asili katika shamba lililochoka, na tangu hapo watu wengi huko hupanda vipande vya nyasi za asili mashambani na kando ya barabara. Wamejifunza kwamba kurudisha ni kazi ya miaka mingi na gharama kubwa, wakati kuacha kidogo kungekuwa bure. Sisi bado tuko mahali pa kuacha.

Nao pia hututahadharisha. Mabingobingo yetu yalipopelekwa Florida yaligeuka magugu yanayoziba mifereji na kufukuza mimea ya huko. Kilicho cha asili mahali pamoja chaweza kuwa msumbufu mahali pengine. Ndiyo maana twasisitiza nyasi za asili ya hapa, wala si kila mbegu ngeni yenye sifa.

Karibu na kwetu, huko Mbita nchini Kenya kando ya Ziwa Victoria, kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu iitwayo ICIPE, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Tangu miaka ya 1990 watafiti wake wakiongozwa na Dk. Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa Kenya na Uingereza, walichunguza funza wa mabua anayetoboa mahindi. Waliona kwamba nondo wake hupenda kutaga kwenye mabingobingo kuliko kwenye mahindi. Lakini funza wakianguliwa na kuanza kutoboa, mabingobingo hutoa utomvu unaonata, na wengi hufa humo. Basi wakafundisha wakulima kuzungushia shamba mistari 3 ya mabingobingo, na katikati ya mistari ya mahindi kupanda jamii ya kunde iitwayo desmodiamu, ambayo harufu yake hufukuza nondo na ambayo mizizi yake huzuia kiduha. Njia hii huitwa Vuta Sukuma. Viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017, mashamba ya namna hii yalionekana kushambuliwa kidogo kuliko mengine.

Angalieni, ndugu: ukanda ule ule unaomvuta nondo ndio unaomlaza tipitipi.

6. JINSI YA KUPANDA

(a) Mahali. Chagua mojawapo ya hizi: mpaka wa shamba, ukingo wa makinga maji kwenye mteremko, au kando ya mto. Kando ya mto sheria imekwisha kusema: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi hunung'unika kwamba mita 60 ni nyingi. Lakini hapo ndipo nyasi zinapochuja matope yasiende Malagarasi, na kutoka Malagarasi mpaka Ziwa Tanganyika. Nyasi zilizoko hapo ziachwe tu, hazihitaji kupandwa.

(b) Kiasi. Tufanye hesabu. Shamba la eka moja ni kama hatua 70 kwa 70, yaani hatua za mraba 4,900. Ukiacha ukanda wa hatua 3 upande mmoja tu, umeacha 210. Hiyo ni kama 4 katika kila 100. Sasa kijiji chenye mashamba 300 ya namna hiyo kikifanya vivyo hivyo, kitakuwa na ukanda wa nyasi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 18. Hakuna mtu mmoja aliyetoa kingi, na viumbe wamepata barabara yao.

(c) Mabingobingo. Mvua zikishatulia, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, kata pingili zenye macho matatu kutoka mashina yaliyokomaa. Zilaze kimshazari, macho mawili yafukiwe na moja libaki juu. Nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashina inafaa. Samadi kidogo husaidia sana. Unaweza pia kugawa mashina yenye mizizi. Chukua pingili kwenye mashina yenye afya tu. Yaliyodumaa na kuwa ya manjano usiyachukue, kwa maana kuna ugonjwa wa kudumaa ambao umewatia hasara wafugaji wengi wa Kenya na Uganda, nao husafiri na pingili.

(d) Nyasi za kuezekea. Kusanya masuke yanapokauka mwisho wa mvua, mwezi wa tano na wa sita. Yaanike, uyaweke katika gunia mahali pakavu mpaka mvua za mwaka huo. Mbegu nyingi hazioti, kwa hiyo mwaga kwa wingi juu ya udongo uliokwanguliwa, ukanyage kwa miguu, usifukie sana. Njia ya haraka ni kung'oa mafungu madogo yenye mizizi mvua zinapoanza na kuyapanda hatua moja moja. Mwaka wa kwanza yapalilie. Mwaka wa pili yatajitunza.

7. JINSI YA KUTUNZA

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukanda uliopandwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake hukatwa wote kila miezi miwili, na ndege hapati nafasi ya kumaliza kulea. Basi tufuate kanuni nne.

Kwanza, gawa ukanda katika mafungu matatu. Mawili yakatwe kwa zamu kwa ajili ya malisho na matandazo ya migomba na kahawa. La tatu lisiguswe mpaka mvua zimekwisha, na ndege wamemaliza kulea. Mwezi wa saba unafaa. Mwaka unaofuata badilisha fungu.

Pili, unapokata anzia mwisho mmoja uende polepole kuelekea fungu lililosimama, ili aliyemo ndani apate njia ya kukimbilia. Ukizunguka kutoka nje kwenda ndani umemfungia mtegoni. Ukikuta kiota chenye mayai au makinda, ruka hatua tano uendelee mbele.

Tatu, acha shina la sentimeta 10 juu ya ardhi, lipate nguvu ya kuchipua na liendelee kushika udongo.

Nne, moto. Kabla ya mwezi wa sita kwisha, lima kinga-moto ya hatua 3 upande unaotazama pori, uondoe takataka zote. Majirani wakilima pamoja kazi ni ya siku moja. Moto wa mwezi wa tisa ni mkali kuliko wote, kwa sababu kila kitu kimekauka. Huua miche ya miombo, hufukuza nyuki kutoka mizingani, na Kibondo yajulikana kwa asali yake. Hapana budi serikali ya kijiji isimamie sheria zake ndogo juu ya moto, nasi wakristo tuwe wa kwanza kuzitii.

8. MASHAKA YANAYOSEMWA

"Nyasi ndefu huleta nyoka." Ni kweli kwamba nyoka hukaa humo, kwa sababu panya wamo humo. Kwa hiyo ukanda usiwe karibu na nyumba, choo, ghala wala njia ya watoto ya kwenda shule. Acha uwanja uliofagiliwa wa hatua 20 au zaidi. Lakini kufyeka kijiji kizima kwa ajili ya nyoka mmoja ni kuwakaribisha panya mia, maana bundi, mwewe na nyoka mwenyewe ndio wanaowala.

"Ndege watamaliza nafaka." Wanaolima mtama, ulezi au mpunga waweke ukanda mbali na mazao hayo, karibu na mahindi, maharage au mihogo. Wale kweleakwelea wanaokuja kama wingu husafiri kutoka mbali. Mnana wachache wa mpakani si hao.

"Ni kualika mbung'o." Mbung'o wa mapori yetu hupenda kivuli cha miombo na vichaka. Ukanda wa nyasi uliozungukwa na shamba wazi hauna kivuli hicho.

"Vijana watapata mahali pa kuwinda." Hili ni jambo la malezi. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya mwaka 2009, na kuwinda bila kibali ni kosa hata kama mnyama ni mdogo. Tuwafundishe watoto kuhesabu viota badala ya kuvibomoa.

"Ardhi yangu ni ndogo." Shaka hili ndilo zito kuliko yote, nasi hatulipuuzi. Mwenye nusu eka na watoto saba asilaumiwe. Aanze na mstari mmoja wa mabingobingo juu ya kinga maji lake, kwa maana udongo unaochukuliwa na mvua ni shamba linalohama bila kumwaga mwenyewe. Mwenye eka tano ndiye atangulie kutoa mfano. Viwanja vya kanisa na vya shule navyo vina pembe. Hakuna sababu ya kuzifyeka zote mpaka vumbi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja ndege watano uliowajua utotoni katika kijiji chako. Wangapi wamo bado? Wasiokuwamo walikuwa wakijenga wapi?

2. Katika Kutoka 23:11 ni nani wanaotajwa kuwa na fungu katika shamba lililopumzishwa? Kwa nini unafikiri wanyama wametajwa baada ya maskini, na si mahali pao?

3. Nani hulinda kilima cha kijiji chenu na moto? Kama hakuna, akina mama, vijana na wazee wa kanisa waweza kugawana kazi gani kabla ya mwezi wa sita?

4. Pimeni kwa hatua uwanja wa kanisa letu. Ni pembe ipi inayoweza kuachwa ikue nyasi bila kuhatarisha watoto?

5. Kazi ya watoto wa Shule ya Jumapili: leteni mbegu tatu za nyasi zenye mikia, mzilowanishe mbele ya wenzenu, mweleze mlichoona.

Ndugu wapendwa, mvua zinakaribia, na pingili hazinunuliwi. Mwenye shina lenye afya na ampe jirani yake. Tukipanda mwaka huu, mwakani wakati kama huu ukanda utakuwa umetupita kimo.

Bwana awabariki ninyi na kazi ya mikono yenu.